Maji Niliyoyakosea Kitengela

Niliondoka nyumbani Kondoa kwa sababu mbili, na ya kwanza ndiyo niliyowaambia watu: nilikuwa nimepata kazi Kenya. Shamba moja la waridi nje ya Kitengela lilihitaji msimamizi wa kufungasha maua, na kazi hiyo nilikuwa nimeifanya Arusha kwa miaka minne. Sababu ya pili nilibaki nayo moyoni. Miaka yote hiyo minne mwanangu Tunu alilelewa na mama yangu. Baba yake alikwisha fariki, na mimi nilikuwa mama wa sikukuu, yule anayeshuka kwenye basi na peremende na gauni lisilomtosha mtoto kwa sababu hajui amekua kiasi gani. Mwajiri mpya alikubali nije na mtoto. Nilimtaka mwanangu, wala sioni haya kulisema.

Mama hakunizuia. Alikaa kwenye kigoda akichambua mchele, akasema bila kuinua uso, "Mchukue. Lakini huyu mtoto namjua kuliko wewe. Mwezi wa kumi na mbili mlete nimwone. Na akianza kukonda kabla ya hapo, usingoje. Mrudishe, na tusibishane."

Nikakubali. Tunu alikuwa na miaka sita, mashavu yamejaa, na nilijiambia kwamba kumlisha mtoto hakuhitaji cheti.

Alfajiri ya siku ya safari, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tulipanda basi la Babati. Barabara ilikuwa ya vumbi, na tulipofika Arusha jioni nyusi zetu zilikuwa nyekundu. Tukalala kwa rafiki yangu wa kazini, na kesho yake saa nne tulikuwa mpakani Namanga, mimi na hati yangu ya kusafiria na kadi za chanjo zetu wote wawili. Tunu alimwamkia shikamoo kila mtu aliyevaa sare. Upande wa Tanzania aliitikiwa marahaba. Upande wa pili afisa alicheka akamwambia, "Poa sana, kamrembo!" Tunu akaniangalia kuuliza kama hilo ndilo jibu. Nikamwambia twende.

Baada ya Namanga ardhi ilifunguka, migunga na ng'ombe, na upepo usiochoka. Tulipita Kajiado mchana, abiria wa Kimaasai wakashuka na magunia yao ya sukari, na saa tisa tukashuka Kitengela. Nilikuwa nimewaambia wenzangu Arusha kwamba nakwenda kuwa mtaalamu wa kigeni. Mtaalamu wa kigeni alivuka barabara na begi kichwani, ndoo mkononi, na mtoto akimshika sketi.

Nyumba niliyopewa ilikuwa chumba na sebule, katika ploti ya nyumba sita zinazotazamana, ua mmoja katikati na bomba moja. Jirani wa mlango wa pili alikuwa Mama Mwende, Mkamba wa Machakos, mshonaji wa sare za shule, na mumewe fundi wa kuchomelea vyuma. Binti yao Mwende alikuwa rika la Tunu. Siku hiyo hiyo tulipatana: watoto waende shule pamoja, na mchana Tunu akae kwake hadi nitoke kazini.

"Usijali, Mama Tunu," aliniambia. "Hapa mtoto ni wa ploti."

Nikamshukuru. Kisha nikamwingiza Tunu ndani nikampa amri ambayo mama yangu alinipa mimi, na mama yake alimpa yeye: mtoto mwenye adabu hali kwa watu. Ukipewa, sema umeshiba. Nilimwachia chakula chake kila asubuhi, kimefunikwa, na chupa ya chai.

Wiki ya kwanza nilijifunza mambo kwa kuyagonga. Nilijifunza kwamba udongo mweusi wa Kitengela mvua ikinyesha hugeuka gundi, nawe unafika kazini umerefuka kwa soli za matope. Nilijifunza kwamba sukuma wiki hukatwa nyembamba, na muuza mboga hukukatia mwenyewe huku akikupa habari za mtaa. Nilijifunza kununua unga wa pakiti. Lakini la maji sikumwuliza mtu. Bomba la uani lilitoa maji kila siku. Mbali na hayo, mara mbili kwa wiki ulikuja mkokoteni wa punda na madumu, watu wakanunua. Mimi nilifua soksi nyeupe za Tunu kwa maji ya bomba: sabuni ikagoma, haikutoa povu, ikaganda kijivu kwenye beseni, na soksi zikatoka kama zimefutiwa jiko. Nikajaribu maji ya punda. Povu hadi viwikoni! Basi, nikasema, Wakenya ni watu wa mipango, wana maji yao maalumu ya kufulia. Nikawa nanunua madumu mawili kila wiki, nafua ndani Jumapili wenzangu wakiwa kanisani, na uji wa mwanangu napikia ya bomba.

Kuuliza si ujinga, kila mtoto wa Kiswahili anaujua msemo huo. Tatizo langu lilikuwa kwamba nilijiona najua lugha kuliko wenyeji, na anayejua lugha humwona anayeuliza kama mshamba. Mimi mwenyewe nilikula chakula cha mchana shambani na nikanywa chai ya huko, kwa hiyo tumbo langu halikuwa na la kunishtaki.

Mwezi wetu wa tatu Kitengela, Tunu alianza kuacha chakula. Maharage niliyoyachemsha jioni nzima yalibaki magumu, chai ilikatika maziwa, na yeye akawa ananywa funda moja na kusukuma kikombe. Tumbo lilimsokota, mara limpeleke mbio chooni. Mashavu yakaisha. Asubuhi moja nilipomvisha sare, mkanda wa sketi ulizunguka kiunoni wenyewe.

"Unataka nini, mama?" nilimwuliza.

"Namtaka Bibi."

Bibi ndiye mama yangu. Nilimfunga kamba za viatu, kisha nikaingia chumbani nikalia nikiwa nimeziba mdomo kwa kanga.

Jumatano tulikwenda Kajiado, kwa muuguzi mmoja niliyeelekezwa kuwa ana mkono mzuri kwa watoto. Ilikuwa siku ya mnada wa mifugo, na kwenye benchi la kungojea tulikaa na bibi mmoja wa Kimaasai. Tunu akamwamkia kwa sauti ndogo. Yule bibi hakujibu kwa neno, aliweka kiganja kichwani pa mtoto akakiacha hapo, kama wanavyoamkia watoto wao. Tunu akaegemea kile kiganja akafumba macho. Niliona wivu, nikajidharau kwa wivu wenyewe.

Muuguzi alimpima, hakuona malaria wala minyoo. "Anakunywa maji ya kuchemsha?"

"Kila siku," nikasema, na ilikuwa kweli.

"Basi mama, huyu anakumbuka tu nyumbani. Watoto wengine hawashikani na mahali."

Njiani kurudi nilikata shauri. Niliomba ruhusa kazini, nikapewa kuanzia Ijumaa mchana. Jumamosi ningemrudisha Kondoa. Ahadi ni deni, na hili nilikuwa nimeahidi kwa mdomo wangu.

Ijumaa saa nane nilirudi nyumbani na kutoa beseni uani, kwani ndani kulijaa mizigo. Mtoto hawezi kufika kwa bibi yake na nguo chafu. Nikamimina dumu zima la maji ya punda, nikatia sabuni, nikaanza kufikicha gauni lake la njano huku machozi yakiingia kwenye povu. Mama Mwende akatoka na futi ya kupimia shingoni.

"Woi! Mama Tunu! Unafanya nini na hiyo maji?"

"Nafua."

"Na maji ya punda? Hiyo si ni ya kukunywa!" Akaja karibu, akachungulia beseni kama amekuta nafua kwa maziwa. "Sasa uji ya mtoto unapikia na gani?"

Nikaonyesha bomba.

Alishika kichwa kwa mikono miwili. "Hiyo ni ya borehole! Ni chumvi tupu. Sisi tunaosha nayo sakafu na choo. Mtoto akikunywa hiyo kila siku, si atakwisha? Na amekunywa tangu mkuje?"

Mikono yangu ilibaki ndani ya beseni. Kisima kirefu, maji ya chumvi, miezi mitatu. Nilihesabu vikombe vyote nilivyomlazimisha kumaliza, nikitishia na kubembeleza.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza, na sauti yangu ilitoka kama lawama.

"Na mbona wewe hukuuliza? Mimi nilijua unajua. Uko na kazi kubwa, na Kiswahili yako ni ile ya kusoma habari kwa redio. Sisi wengine tunakuogopa kidogo." Akachuchumaa upande wa pili wa beseni. "Halafu huyu mtoto, nikimpea chakula anasema ameshiba. Kila siku ameshiba, na vile anaisha. Nikasema basi, hawa watu wamekataa chakula yetu. Siwezi kulazimisha."

Tunu alikuwa amesimama mlangoni na Mwende. "Mama alisema nisile kwa watu," akasema.

Mama Mwende alinigeukia. "Mimi ndio watu?"

Mficha uchi hazai, wanasema, nami nilikuwa nimeuficha kwa adabu, kwa lugha nzuri na kwa soksi nyeupe. Nikamwambia, "Nisamehe, mama. Nimekosa." Nilikuwa na mikono ya povu na siku hiyo sikujali nani ananiona.

Aliinuka, akaingia kwake, akarudi na sahani ya mahindi na maharage, laini, yaliyopikwa kwa maji matamu, na kikombe cha uji wa wimbi, ulezi wetu. Tunu hakugusa. Aliniangalia mimi. Mtoto mwenye njaa ya wiki kadhaa alikuwa anangoja ruhusa yangu.

"Kula, mwanangu," nikasema. "Hapa si kwa watu. Hapa ni kwenu."

Alikula akiwa amesimama. Alipomaliza uji akapangusa kikombe kwa kidole, kisha akauliza kama upo mwingine.

Nikamweleza habari ya safari. "Kesho usimtoe," Mama Mwende akaniambia. "Nipe wiki mbili nimpikie mimi. Akikataa, nitakubebea begi mwenyewe mpaka steji ya basi, na sitasema kitu."

Nilimpa. Tumbo la Tunu lilitulia kabla wiki ya kwanza haijaisha. Wiki ya pili niliwasikia yeye na Mwende wakigombania ukoko, nikasimama na viatu vya matope nje ya mlango nikiwasikiliza, nisitake kuingia kuwakatiza. Kuanzia hapo nikawa mwulizaji asiye na aibu. Nilimwuliza Mama Mwende dagaa wa wapi ni wazuri, mwezi gani kuna baridi, wanapomwalika mtu kanisani naye si wa kanisa anajibuje bila kuwaudhi. Alijibu yote, na mengine ambayo sikuuliza. Mwajiri alikuwa amenipa nyumba, ila kukaa Kitengela nilifundishwa na mwanamke mwenye cherehani.

Mwezi wa kumi na mbili tulifunga safari ya kurudi, Kajiado, Namanga, Arusha, Babati, vumbi lile lile. Tunu alimwambia kondakta "sasa" na utingo "poa," nami nikamkumbusha kwamba kwa Bibi ni shikamoo. Njia nzima nilijawa furaha ya mtu anayekwenda kukabidhi kazi nzuri. Mashavu yalikuwa yamerudi na mengine juu yake.

Kondoa tulifika jua likiwa bado juu. Mama alitoka nje, akambeba Tunu, akamshusha haraka kwa uzito, akamgeuza nyuma na mbele. "Amenona," alisema. Basi, hukumu ilikuwa hiyo. Nilishinda.

Kesho yake asubuhi Tunu alitoka kwenda kucheza, nikamsimulia mama jikoni habari zote, pamoja na soksi na maji ya punda. Alicheka hadi akaacha kuchochea moto. Kisha kicheko kikageuka, akajifuta macho kwa upindo wa kanga, na akawa haachi kujifuta.

"Mungu anisamehe," alisema. "Kila nikisali nilikuwa naomba akonde. Kidogo tu. Asiugue, akonde kidogo, ili umrudishe."

Mwaka mzima nilikuwa napigania mtoto kana kwamba upande wa pili hakuna mtu. Nilikuwa nimejifunza kumwuliza jirani habari za maji, mboga na baridi, lakini yule aliyenizaa nilimwuliza tu hujambo, katika barua, mstari wa kwanza.

Nikasogeza kigoda karibu. "Mama, wewe unakula na nani?"

"Na nani tena? Napika kikombe kimoja cha mchele, nusu wanakula kuku."

"Twende wote. Januari. Ukae nasi hata kama ni muhula mmoja."

Aligeukia moto. Alizungumza habari ya kuku, ya paa linalovuja, ya shamba ambalo halijalimwa, na kila aliposema jambo nilimwuliza jingine, akanijibu. Hakusema atakuja. Aliondoa chai jikoni, akamimina vikombe viwili, ndipo akaniuliza kama huko Kitengela kunahitaji blanketi zito.