Neno Alilopewa Baba

Juzi nilipita Nyakato nikamsikia binti mmoja akimwambia mwenzake, "Wewe kigeugeu kweli!" Wakacheka, wakaenda zao. Mimi nilibaki nimesimama, maana neno hilo, rafiki yangu, liliwahi kuingia nyumbani kwetu.

Maana yake nilikuwa nimefundishwa shuleni. Mwalimu aliandika ubaoni "geuka", akalirudia likawa "geukageuka", kisha akasema mtu wa hivyo, leo hivi kesho vile, ndiye kigeugeu. Tulilipenda kwa mlio wake tu.

Baadaye kiwanda alichofanyia kazi baba kiliuzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, naye akiwemo. Akaanza kupanga maisha upya kila jioni, tukila ugali kwa dagaa. Leo tunahamia Geita kwenye dhahabu. Kesho, hapana, ananunua mtumbwi avue sangara. Keshokutwa tunarudi kijijini kulima pamba. Sisi watoto tulikwenda naye kote huko bila kutoka mkekani.

Safari ya Geita ndiyo pekee aliyoianza. Mama alimfungia michembe, viazi vikavu vya kula njiani, akaaga majirani kwa niaba yake, tukamsindikiza hadi kivukoni Kigongo. Kivuko kikaenda Busisi, ng'ambo ya pili, kikarudi na abiria wengine. Baba alikuwa miongoni mwao, begi mkononi.

"Kulikoni, baba watoto?" mama aliuliza.

"Niliwaona mmesimama tu pale, mnazidi kuwa wadogo," alisema. "Nimeshindwa."

Tulipofika nyumbani majirani walikuja kuuliza, aibu ikamzidi mama. "Nimeolewa na kigeugeu!" alisema, baba akiwa palepale. Wakaangua kicheko. Baba naye alicheka kidogo, akaingia ndani.

Tangu siku hiyo hakupanga tena. Alipata kazi ya ulinzi kwenye ghala moja, akaishika mpaka uzee ukamtoa. Jioni tulikula, tukasikiliza redio, tukalala. Nilikuwa nimekua kiasi cha kumwona mama akijaribu kumchokoza apange tena.

"Baba watoto, hivi Geita kukoje siku hizi?"

"Sijui, mama," alijibu, akamega tonge.

Sasa baba hayupo, na pale kiwandani milango ina kutu. Ninachokikosa hasa ni sauti yake ikituhamisha kabla ugali haujapoa. Mama yupo bado. Sijawahi kumsikia akilitamka tena neno lile, hata kwa mtu anayelistahili.