Aliponiita Yaya Mbele ya Watu

Zamu wa shule, mlinzi wa mlangoni, alinizuia kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaniwekea telefone yake mbele ya uso.

"Maman, ni weye huyu?"

Nilikuwa nimekuja kumchukua binti yangu saa sita, kama kila siku. Ana miaka mitatu na nusu, ndiyo kwanza ameanza shule ya watoto wadogo. Kwenye telefone niliona mgongo wangu, kichwa changu na nywele zangu zilizosukwa, na mtoto wangu akijikunja mkononi mwangu analia. Chini ya picha waliandika: MWIZI WA WATOTO, EKO HUKU PANDA, TUMENI KWA WENGINE. Panda ni mtaa wetu hapa Likasi.

"Ni miye," nilimwambia. "Na mutoto ni wangu. Unifungulie."

"Directrice wa shule anasema tungojee mama yake mwenyewe."

Nyuma yangu walikuwa wamama wengine wamekuja kuchukua watoto wao. Mmoja, ambaye asubuhi ile ile tulisalimiana, akamvuta mwanawe akamficha nyuma ya kitenge chake. Hicho ndicho kilichonimaliza. Zamu angeweza kunizuia mpaka jioni ningevumilia. Picha nilikuwa nimeishi nayo majuma matatu. Lakini yule mama aliyeficha mtoto wake ili nisimguse, hapana.

Nilipandisha blauzi hapo hapo mlangoni, nikashusha kitenge mpaka chini ya kitovu, nikawaonyesha kovu. Walinipasua ili atoke. Kovu ni nene na ni baya.

"Muangalie! Mupige picha na hii! Alitokea hapa! Kama nilimwiba, basi nilimwiba ndani ya tumbo yangu mwenyewe!"

Zamu alitazama chini. Mtu akasema "Jésus!" Mwingine akacheka. Mimi nilipiga kelele, lakini hata wakati ule macho yangu yalikuwa yanawapima watu: wamama mlangoni, wauza makala wawili na magunia yao ya mkaa ng'ambo ya barabara, vijana watatu na kinga, baiskeli zao za mizigo. Nilijua kwamba mmoja wao akisema neno "mwizi" kwa nguvu, sitafika nyumbani.

Nilijua kwa sababu nilishapita hapo.

Nilipata mimba nikiwa darasa la tano la secondaire. Mama yangu, ambaye anaimbisha korali ya wamama parokiani, hakunipiga wala hakunifukuza. Alisema tu: "Utajifungua, kisha utarudi ku masomo. Mutoto ataniita miye mama. Weye atakuita yaya." Yaya kwetu ni dada mkubwa. Nilikubali. Nani hangekubali? Marafiki wangu waliozaa umri ule wanauza vitumbula barabarani, mimi nikapata diploma yangu. Mtoto alilala kwa mama yangu, akala kwa mama yangu, na akaanza kusema. Aliponiita yaya mara ya kwanza nyumba nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka.

Kwenye avenue yetu watu wachache walijua, wengine walikisia wakanyamaza. Watu wa nje ndio hawakujua kitu.

Siku ya picha yenyewe ilikuwa Jumamosi, mchana kweupe. Tulikuwa tunatoka sokoni kwa miguu, kando ya ukuta wa kiwanda cha zamani. Mtoto alitaka vitumbula vya mama mmoja aliyekaa na karai lake la mafuta. Tumbo lilikuwa linamuuma tangu juzi yake, nikamkatalia. Akajitupa chini kwenye vumbi. Nikamwinua. Akaanza kunipiga mateke.

"Yaya, uniache! Namutaka mama! Namutaka mama!"

Mwanaume mmoja mwenye magunia kwenye kinga alisimama.

"Dada, ule mutoto ni wa nani?"

"Ni wangu."

"Ni wako, na anakuita yaya?"

Nilimkaza mtoto kifuani. Utamwelezeaje mtu wa barabarani jambo ambalo hata kwenu hamjawahi kulisema kwa sauti? Ule unyamavu wangu waliuona. Kijana akasimama, na mwingine, na wasichana wawili. Mama wa vitumbula akaacha mafuta yake, akachuchumaa mbele ya mtoto. Alimwuliza kwa upole kabisa.

"Chérie, mama yako eko wapi?"

"Eko ku nyumba."

"Na huyu ni nani?"

"Ni yaya."

Mtoto wa miaka mitatu hasemi uongo. Kila mtu alijua hivyo. Hata mimi, kama ningekuwa nimesimama upande wao, ningejua hivyo.

Mtu alinikamata mkono. Mwingine akamshika mtoto kiunoni, tukawa tunamvuta huku na huku naye akilia zaidi. Ndipo jirani wa avenue ya nyuma, aliyekuwa anapita na ndoo yake, akapaza sauti: "Muache! Uyu mutoto namujua! Mama yake ni ule maman wa korali!" Alidhani ananisaidia.

"Munasikia?" mwenye kinga akasema. "Si mama yake!"

Hapo nikasikia sauti nyuma yangu ikiuliza kama kuna tairi karibu na kiberiti. Haikuwa sauti ya hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza chumvi kwa jirani. Nilikojoa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mkojo ulishuka miguuni mpaka ndani ya viatu, na sikuona hata haya.

Jirani yule ndiye aliyempigia mama yangu, akaweka telefone kwa sauti kubwa.

"Maman, kuko mutoto hapa, ni wa nani?"

Nilimsikia mama yangu akivuta pumzi.

"Ni wangu," akasema. "Eko na yaya yake. Kuko nini?"

Na basi, ikaisha hivyo. Walicheka. Mwenye kinga alinipiga bega. "Sasa petite, ungesema tu toka mwanzo! Kusema ni wako, ni wako, ulitaka tukufanye nini?" Mama wa vitumbula alimpa mtoto kitumbula kimoja cha bure. "Umuchunge mudogo wako vizuri," akaniambia.

Nikawaambia aksanti. Watu waliokuwa wanatafuta tairi, niliwashukuru mmoja mmoja.

Lakini mmoja wao alikuwa amenipiga picha kutoka nyuma, na picha ilikuwa imeshaondoka. Jioni ile ile ilifika kwenye groupe ya avenue yetu, na nyuma yake ukafuata ujumbe wa sauti: "Bamama, mufanye attention, kuko mwanamuke anazunguka huku Panda, anaiba batoto mchana. Huyu hapa. Mukimuona musimuache." Sauti niliijua kabla haijamaliza neno la pili. Ni sauti iliyokuwa juu ya kichwa changu tangu niko darasa la nne. Ni ya mama anayenisuka.

Nilimwambia mama yangu. Akasema ninyamaze, itapita, vitu vya telefone havikai. Nikanyamaza majuma matatu.

Sisi wasichana wa mji huu tunajua kuogopa, hatukufundishwa jana. Tuko marafiki watatu tuliomaliza masomo pamoja. Kila mmoja akitoka mahali, akifika kwao anaandika "nimefika", na asipoandika tunapiga. Hatupandi moto, pikipiki ya abiria, yenye kijana wa pili nyuma ya dereva. Hatupiti kwenye majani marefu nyuma ya kiwanda. Telefone tunaweka ndani ya sutieni. Uoga huo una mahali pake na saa zake, unaweza kuuzunguka. Huu mpya ningeuzungukia wapi? Wale watu hawakuwa wabaya. Walitaka kumwokoa mtoto. Ukikimbizwa na mwizi unapiga kelele watu watoke majumbani. Ukikimbizwa na hao watu wenyewe, utamwita nani?

Nikaacha kutoka na mtoto mchana, isipokuwa kumpeleka shule na kumrudisha. Nikitoka, nilimwonya njiani kote: usilie, chérie, usilie, tafadhali. Mtoto wa miaka mitatu! Akikunja uso tu, mimi jasho. Nilifumua nywele ili nisifanane na picha. Rafiki zangu wawili waliendelea kuandika "nimefika", lakini walipokwenda kunywa sucré, yaani soda, mjini hawakuniita. Mmoja aliniambia ukweli: "Chérie, si vibaya, lakini wakikurukia tukiwa na weye, watatuuliza na siye?" Ningekuwa yeye ningefanya vile vile.

Na kuna kitu kibaya zaidi. Siku moja nilipekua telefone yangu nikitafuta ile picha, nikakuta nyingine ya zamani. Mwanamke mwenye kitambaa chekundu kichwani, wa upande wa Kakontwe, amekalishwa chini kati ya miguu ya watu. Chini yake: MWIZI WA WATOTO. Niliipokea, nikaituma kwa watu kumi na moja, na chini yake mimi mwenyewe nikaandika: "Mungu atulinde." Sikumbuki hata nilikuwa nafanya nini siku hiyo. Labda nilikuwa ninapika. Sijui yule mwanamke aliishia wapi. Niliita namba iliyonitumia, haipatikani.

Basi ndiyo sababu siku ile ya shuleni, baada ya kupandisha blauzi na baada ya directrice kutoka mwenyewe, kunitazama na kunipa mtoto wangu bila neno, sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa anayenisuka, mtoto mgongoni.

Alikuwa na mteja kitini. "Ee, petite! Umefumua kichwa bila kuniambia?"

"Ule vocal wa mwizi wa watoto ni wako."

"Vocal gani? Ah, ile! Miye nilitransférer tu."

"Sauti ni yako, maman."

"Nilisema tu bafanye attention. Ni mubaya kufanya attention?"

"Uliangalia picha?"

"Nani anaangaliaka picha zote? Ziko zinaingia kila saa."

Nilimwekea picha machoni. "Angalia kichwa. Hizi nywele ulisuka weye, siku tatu mbele ya ile Jumamosi. Saa nne nzima nilikuwa hapa katikati ya magoti yako. Hata kazi ya mikono yako haukuijua?"

Aliangalia. Niliona ameijua. Mteja kitini akageuka na nusu ya kichwa haijasukwa. "Ni miye," nikamwambia huyo mteja, "na mutoto nilizaa miye."

"Sawa, pardon basi," msusi akasema. "Nitafuta."

"Utafuta ku telefone yako. Ku telefone ya wengine nani atafuta?"

Akainua mabega, akachukua kitana. Kwake imekwisha.

Nyumbani nilimwomba mama yangu karatasi ya maternité, ile iliyoandikwa nani alizaa, niipeleke polisi.

"Unataka kuanika jina yetu ku polisi?"

"Maman, mugongo yangu iko ku telefone ya Likasi yote."

"Siku ile nilikuokoa."

"Uliniokoa, sikatai. Kesho akilia tena njiani na weye haujapokea telefone, nani ataniokoa?"

Alichambua mchele ambao ulikuwa tayari umechambuliwa. Kisha akaingia chumbani, akarudi na karatasi. "Tutaenda wote," akasema. "Nitasema nilidanganya." Asubuhi yake alivaa kitenge cha kuimbia misa.

Ofisa wa polisi alitusikiliza, kalamu mkononi. "Tuandike contre inconnu, mtu asiyejulikana?"

"Hapana. Aliyepiga picha simjui. Mwenye sauti namjua, ananisukaka."

Alitabasamu kidogo, akaniona, akaacha. Nilianza kuandika kwa Kifaransa, lakini kila mstari ulitoka mpole kuliko nilivyotaka. Akasema niandike kwa Kiswahili, alimradi kisomeke. Hiki ndicho nilichoacha mezani kwake:

*Kwa Bwana Ofisa wa Polisi. Kuhusu: mashtaka juu ya picha na ujumbe wa sauti unaoniita mwizi wa watoto.*

*Bwana Ofisa, mimi mwenye kusaini hapa chini, mkaaji wa Panda, ninamshtaki mama anayenisuka, jina lake na mahali pake pa kazi vimeandikwa kwenye karatasi ya pili. Alituma kwa majirani sauti yake ikisema kwamba ninaiba watoto na kwamba nikionekana nisiachwe. Hakuniuliza, wala hakuangalia picha. Ninamshtaki pia mtu nisiyemjua aliyenipiga picha barabarani bila ruhusa.*

*Mtoto wa kwenye picha ni binti yangu. Nilimzaa mimi. Karatasi ya maternité imeambatanishwa. Mama yangu mzazi, aliyekuja nami, anakubali kwa sahihi yake kwamba siku ile alisema mtoto ni wake ili watu waniache hai.*

*Siombi mshtakiwa afungwe. Ninaomba aitwe, na aseme kwa sauti yake, kwenye groupe ile ile, kwamba alisema uongo na kwamba mimi ni mama wa mtoto. Na kila aliyepokea ujumbe wa kwanza atume na huo wa pili kwa wale wale aliowatumia.*

*Wakati ninangoja, ninaomba ofisi yako inipe karatasi yenye muhuri, inayosema huyu mtoto ni wangu, ili niweze kumpeleka shuleni kwa miguu na kumrudisha. Mpaka nitakapoipata, mtoto anabaki nyumbani, na mimi pia.*