Kadi Kumi za Mbele

Mwaka mmoja wa ukame, katika miaka ya themanini, niliandikwa karani katika ofisi ya misaada mjini Isiolo. Kazi yangu ilikuwa sanduku la kadi. Kila aliyefika kambini, kambi yoyote, aliandikiwa kadi ikaletwa kwangu, nami nikaipanga kwa jina. Aliyepotelewa na jamaa alikuja dirishani, akataja jina, nikamsomea kadi za jina hilo.

Majina yetu Waislamu yanafanana, na laini ilikuwa ndefu. Afisa akaamuru kwamba kila anayeuliza asomewe kadi kumi za mbele, basi. Niliona ni busara. Kadi mpya niliziweka mbele, kwa hiyo waliofika zamani walikuwa nyuma. Wajukuu wananiambia kompyuta nayo huulizwa hivyo hivyo, ikaambiwa itoe chache za mwanzo tu. Huwa nawauliza kama inasema zimebaki ngapi.

Asubuhi moja alikuja mwanamke wa kijiji cha Biliqo. Mifugo yao ilikuwa imekwisha, mama yake mzee akapandishwa lori la misaada, yeye akabaki na mtoto mgonjwa. Tangu hapo hakuwa na habari yake. Mchunga ngamia mmoja alimwambia wazee wa lori lile walikufa wote.

"Maalim, tafuta vizuri," akaniambia, maana jioni nilisomesha watoto Kurani. "Mama huyo ni mchelewaji. Hata arusi yangu alifika nyama imekwisha."

Watu wa laini walicheka, nami nikacheka. Nikasoma jina la baba, ukoo, mahali alikotoka. Kwa kila kadi alitikisa kichwa. Ya kumi ilipokwisha nikamwambia, "Ni hizo, dada. Mungu akupe subira." Nikamwita aliyefuata.

Ijumaa hiyo, msikitini Chechelesi, imamu alitangaza sala ya jeneza kwa maiti asiyekuwepo, mama mmoja wa Biliqo. Mzee mmoja akamuuliza mjomba wa yule mwanamke, "Ofisini mliuliza?"

"Tuliuliza. Kadi zote zimesomwa."

Nilikuwa safu ya pili. Neno "zote" nililisikia vizuri. Nikainua mikono, nikatoa takbiri pamoja na wenzangu.

Wiki iliyofuata kambi moja ya upande wa Kipsing ilileta orodha ya waliofariki, ili niondoe kadi zao. Nilipofika kwenye jina lile nilihesabu bila kutaka. Kadi yake ilikuwa ya kumi na moja. Biliqo, ukoo ule ule. Chini yake karani wa kambi alikuwa ameandika: ana binti, anamngoja. Alikufa Jumanne, siku nne baada ya sisi kumsalia.

Nilikwenda nyumbani kwa mjomba, alikokaa yule mwanamke, nikamweleza yote. Alinisikiliza huku akimnyonyesha mtoto.

"Zilikuwa kadi ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Zilibaki tatu tu, maalim?"

"Tatu."

"Ungeniambia ziko nyingine, ningekaa pale dirishani. Kungoja siyo kazi kwangu."

Nilimwomba msamaha. Aliniuliza kaburi liko wapi. Namshukuru Mungu kwa umri huu mrefu alionipa, maana bado ninauomba msamaha ule katika kila sala.

Mimi naye tulipata nafasi kwenye lori la mahindi lililokwenda kambi ile. Mzee aliyezika alituonyesha makaburi matano mapya, hayana alama. "Ni moja kati ya haya," alisema. "Wiki ile tulizika wengi, nisamehe, binti yangu."

Jua lilikuwa kali, na dereva alipiga honi mara mbili. Yule mwanamke hakuharakisha. Alichuchumaa penye la kwanza, akaweka kiganja juu ya udongo, akatoa salaam, akamwambia mama yake kwamba mtoto amepona. Kisha akainuka, akaenda penye la pili, akamwambia tena.