Matanga ya Mwamba wa Michembe

Jino langu la kwanza kung'olewa liling'olewa Tabora mjini, na lilikuwa silo. Nilikuwa kijana, nimeoa mwaka uleule, shavu limevimba mpaka jicho linafunga. Daktari akaniuliza, "Linalouma ni lipi?" Nikaona koleo mkononi mwake, nikamwonyesha lolote ili yaishe haraka. Akaling'oa. Nikarudi nyumbani na pengo jipya na maumivu yaleyale, na kwa aibu sikumwambia mtu mpaka leo ninapoandika.

Wiki hiyo sikuweza kutafuna, na ndani hakukuwa na chakula ila michembe. Kama hukuzaliwa huku kwetu, michembe ni viazi vitamu vinavyokatwakatwa vibichi na kuanikwa juani hadi vinakuwa vigumu kama magome. Mke wangu akatwanga, akanipikia uji. Nikanywa, nikashangaa, nikasema mbele ya mama yangu, "Mbona wa mama huwa na mchanga?" Mke wangu akajibu, "Mama anaanika chini. Mimi naanika mwambani." Wale wawili hawakusalimiana hadi mavuno yaliyofuata. Mimi ndiye niliyekuwa napeleka salamu huku na huku, na shavu langu hivyo hivyo.

Mwamba wenyewe ni mgongo wa jiwe juu ya kilima nyuma ya kijiji, upande huu wetu wa Ziba. Ni mpana kuliko uwanja wa kanisa. Viazi ukiviweka asubuhi, jiwe linavipika kwa chini na jua kwa juu. Kila mama ana sehemu yake. Hakuna mpaka uliochorwa, lakini mwaga viazi vyako hatua mbili kwa jirani uone. Bibi harusi akishamaliza siku zake za kukaa ndani, mama mkwe humpandisha kule akamwonyeshe pake.

Basi, miaka mingi baadaye, ikasikika kwamba kampuni fulani inataka kuupasua mwamba huo, watoe kokoto za barabara. Wanaume tukaanza kuulizana habari za ajira. Wanawake waliuliza jambo moja tu: tutaanika wapi?

Niseme ukweli, mimi nilikuwa upande wa kokoto. Nilikuwa nimeahidiwa kazi ya ulinzi, na buti, na koti, na filimbi. Filimbi ndiyo iliyonimaliza. Mke wangu alipojua, alinipikia ugali siku tatu bila mboga.

Tulifanya mkutano wa kijiji, tukapiga kelele kutwa. Mwenyekiti akapeleka barua ya malalamiko wilayani, akarudi akasema imepokelewa. Ikakaa hukohuko, imepokelewa.

Kisha akaja mtaalamu wa mawe, kijana mpole, na helmeti na kopo la rangi nyekundu. Siku ya kwanza alichora alama mwamba mzima, mahali pa kutoboa. Siku ya pili alikuta hakuna alama hata moja, ni michembe tupu, kutoka ukingo hadi ukingo.

"Mama zangu, shikamooni. Naomba mtoe viazi nione alama zangu."

"Marahaba, baba. Havijakauka."

"Vitakauka lini?"

"Muulize jua."

Siku nne ikawa hivyo. Vya kwanza vikikauka, vya pili vimeshafika na ungo. Siku ya sita alikata tamaa, akaketi kivulini mwa jiwe, wakampa michembe iliyochemshwa na karanga. Akala, akaomba tena. Hapo ndipo bibi mmoja, mkubwa kuliko sote kijijini, alipomuuliza, "Mjukuu wangu, kwenu ni wapi?"

Angesema ametoka kwingine kokote, habari ingekuwa nyingine. Akasema, "Kisarawe, bibi. Mimi Mzaramo."

Bibi alipiga kigelegele hadi kunguru wakaruka. "Mtani! Kumbe siku zote tunamwita baba mtumwa wetu!" Akamvua helmeti, akaivaa mwenyewe.

Kijana naye hakulala. "Watumwa ni nyie! Mlibeba mizigo kwa miguu hadi kwetu, mkafika hata maji ya kunywa mnatuomba!"

Ikawa ndiyo hiyo. Kati ya Mnyamwezi na Mzaramo hakuna kukasirika, mambo hayo ni ya tangu misafara ya mababu. Walimpa kazi ya kugeuza michembe. Simu ya bosi wake ikiita, bibi ndiye anayepokea: "Ana kazi, piga baadaye."

Lakini kazi yake ilibaki palepale. Ijumaa alituambia, kwa sauti ya chini, kwamba mashine ya kutoboa inakuja Jumatatu.

Jumamosi asubuhi alipopanda kilimani alikuta wanawake wote wamekaa juu ya mwamba, miguu wameinyoosha, kanga kichwani, wanalia. Wanaume tumekaa pembeni. Masufuria yako motoni.

"Bibi, nani amefariki?"

"Huyu tuliyemkalia."

Akacheka.

"Cheka," bibi akasema. "Msiba umekukuta hapa, mtani wetu. Kazi yako unaijua."

Aliijua. Kwao na kwetu, mtani msibani ndiye mwenye vurugu zote. Akajitupa chali juu ya jiwe, akapaza sauti: "Marehemu alikuwa mchoyo! Kakaliwa miaka yote hii, hata kigoda hakuwahi kumtolea mgeni!" Akafungua sufuria bila kuomba, akachomoa paja la kuku. Mke wangu alicheka hadi akasahau kulia, mwenzake akamfinya. Huko chini dereva wa kampuni alikuwa anapiga honi, hakuna aliyemjali.

Kisha katekista akasimama kusoma wasifu, kama ilivyo desturi. "Marehemu alizaliwa kabla yetu sote. Hakuoa. Ameacha kina mama wa kijiji kizima." Akasoma neema zake, mwaka wa njaa alivyokausha hata majani ya kunde. Alipofika kwenye chanzo cha kifo, akakunja karatasi. "Hapa atatueleza mtani."

Kijana akasimama na paja lake la kuku. Akafungua mdomo. Sote tulikuwa tayari kucheka, mimi meno nimeshayatoa nje, hayo machache. Akaangalia michembe, akaangalia akina mama mmoja mmoja, kila mmoja kwenye sehemu yake.

"Sema, mjukuu wangu," bibi akamwambia, na safari hii hakuwa anatania. "Ameuawa na nani?"

Nikainamisha kichwa kama naulizwa mimi.

"Bibi, hilo sitalisema."

Akaliweka paja juu ya jani, akafuta mikono kwenye suruali, akashuka. Alifika kwenye gari, dereva akamfungulia mlango. Akalipita. Akashika njia ya kwenda barabara kuu, kwa miguu, mikono mitupu. Dereva akapiga honi, akangoja, akapiga tena, mwishowe akamfuata polepole nyuma. Hakugeuka. Jumatatu tulikaa mwambani kutwa tukiisubiri mashine, haikuja siku hiyo wala baadaye, na yeye hatukumwona tena.