Umeme Aliocheleweshewa Mpaka Rangi

Mtaani walimwita Bi Hakiki, na hawakumwonea. Alikuwa fundi wa kushona mapazia. Kitambaa cha dukani alikipima upya mbele ya muuzaji, na maziwa ya bure kutoka kwa jirani aliyanusa kabla ya kusema ahsante. Mumewe, mpaka rangi mpole, alizoea kucheka: "Mke wangu hata kivuli chake anakidai kitambulisho."

Siku mumewe alipokwenda hospitali na maumivu ya kifua, akaanguka papo hapo kwenye foleni, moyo umesimama, Bi Hakiki hakulia. Alitazama. Mlinzi alitaka kumwondoa mlangoni pa chumba cha dharura, akajikuta yeye ndiye aliyeshikwa mkono. Wauguzi walimbandika mgonjwa vibandiko kifuani, wakasogeza mashine ya kushtua moyo. Muuguzi mmoja, binti mwenye mwanya, alikazia macho kioo cha mashine, akapapasa nyaya moja moja, akatikisa kichwa.

"Hapana, hatushtui. Endeleeni kukandamiza. Sindano!"

Wakamchoma dawa, wakamkandamiza kifua kwa kupokezana, jasho likiwatiririka. Mashine ikakaa kando inawaka taa, kama mgeni asiyekaribishwa. Ilichukua muda mrefu mno ndipo binti yule akapaza sauti, "Sasa! Mwachieni!" Mwili wa mpaka rangi ukaruka. Akarudi.

Ndugu walishukuru. Bi Hakiki alishuku.

"Umeme walikuwa nao," alimwambia mumewe alipotoka wodini. "Walikuwa wanamwekea nani?"

"Mama watoto, mimi si nipo hapa?"

"Upo kwa bahati. Pale hurudi tena."

"Daktari kasema dawa zangu zisipoangaliwa, moyo utasimama tena. Na moyo ni wangu."

"Moyo ni wako, macho yaliyoona ni yangu."

Hata hivyo usingizi ulimkataa. Akamwuliza muuza dawa, akisingizia kisa cha binamu. Akamwuliza muuguzi wa zahanati nyingine. Wote wakamjibu kitu kimoja. "Wamepangana," akasema, akaenda kumtafuta binti mwenyewe. Alimkuta kwenye benchi nyuma ya wodi, kikombe cha chai mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeme wa mume wangu ulikuwa unamwekea nani?"

Binti akaweka kikombe chini. "Mama, kuna moyo unaosimama huku unatetemeka ovyo. Huo tunaushtua, utulie, ujipange. Kuna mwingine unanyamaza kabisa. Huo umeme hausaidii kitu. Unataka mikono na dawa, mpaka angalau uanze kutetemeka. Wa mzee ulikuwa umenyamaza."

"Na kama kioo kilikuwa kibovu?"

"Hata mimi nilikishuku. Ndiyo maana nilipapasa nyaya, labda umechomoka mmoja." Akasita. "Na bado niliogopa. Chumba kizima kilitaka nishtue, mama, na wewe pale mlangoni ukiniangalia. Ukishtua, watu wanaona umefanya kazi. Ukikandamiza tu, wanadhani umekata tamaa."

Bi Hakiki aliona bandeji kwenye kifundo cha mkono wa binti.

"Hapo pana nini?"

"Ni kule kumkandamiza mzee."

"Fungua nione."

Binti akafungua. Bi Hakiki akapabonyeza kwa dole gumba, sawasawa na anavyojaribu mshono, binti akaguta, "Aii, mama!" Palikuwa pamevimba kweli. Akaifunga tena bandeji ile mwenyewe, polepole, akaikaza vizuri kuliko ilivyokuwa.

Siku ya kliniki ilipofika, mume na mke walirudi pamoja hospitali ile ile. Muuguzi wa kiume alikuja na kipimo cha presha, akamwambia mzee akunje mkono wa shati.

"Ngoja kwanza, baba," Bi Hakiki akamwambia muuguzi. "Kwa huyu mzee, niitieni yule mwenye mwanya."

Mumewe akamgeukia, macho yanacheka. "Kumbe umeshamwamini?"

"Nani kasema? Nimeona tu anavyoshuku."