Folda ya Baba

Ukiandaa programu ya Linux kwa ajili ya vile vikompyuta vidogo, lazima uiambie kila faili likae wapi. Programu huku, mipangilio kule, na vitu vinavyoongezeka kila siku viende sehemu ya kadi ya kumbukumbu ambayo toleo jipya la programu haliigusi. Kwenye karakana yetu ya Njoro nimewakaripia mafundi wenzangu kwa kosa la kuvichanganya. Kwa baba yangu mwenyewe nikalifanya.

Baba alikuwa msimamizi wa mfongo, mfereji wetu wa maji kule Masama. Nilimfungia kiboksi chenye kikompyuta cha kupima kina cha maji, na kwa kuwa macho yalishamchoka, nikaweka kitufe: badala ya kuandika, abonyeze, aseme hali ya mfereji. Vipimo vilinifikia mjini kwa mtandao. Sauti zilibaki kwenye kadi, nitazisikiliza Desemba nikipanda nyumbani. Nikaziweka folda moja na programu, nikajiambia nitazihamisha baadaye. Uvivu tu, hauna jina lingine.

Baba hakuifikia Desemba.

Baada ya mazishi Mama aliomba kitu kimoja, amsikie Baba. Kiboksi hakikuwa na spika, nikaunganisha moja pale pale barazani, nikaweka toleo jipya linaloitambua. Toleo jipya hufuta folda nzima ya programu na kuiandika upya. Nimelitengeneza mimi, nalijua, na bado nikabonyeza. Spika ilifanya kazi vizuri kabisa. Hapakuwa na cha kusikiliza, na kila njia niliyojaribu ya kuzirudisha sauti ilishindikana. Roho iliniuma mpaka nikashindwa kula.

Kesho yake nilichuma jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la nyumbani, nikalipiga fundo. Kwetu ukimpelekea mtu isale umeomba msamaha, naye hakatai. Nikampa Mama kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Alilipokea, akaliweka mapajani. "Hata moja hukuwahi kusikiliza?"

"Hapana, Mama."

Aliligeuzageuza lile jani. Nilitamani anitukane.

"Akimaliza habari za maji alikuwa anaongea na wewe," akasema. "Kila asubuhi. Anakuuliza umeamkaje, halafu ananyamaza kidogo, anakusubiri ujibu. Mimi nilijua unamsikia."