Oke ya Mokami

Mokami wa Nyamisangura hajui Kiingereza, ila ana neno lake moja na analitumikisha kuliko punda: oke. Ukimletea sukari, oke. Ukimpa shikamoo, oke. Ukimdanganya analivuta, "Okeee," mpaka unaanza kujirekebisha mwenyewe. Halafu kuna ile fupi, kavu, ya kufukuzia kuku na watu wa mikopo. Ukipewa hiyo, beba mzigo wako.

Anauza chai ya maziwa. Mwaka huu ng'ombe wake alikufa, akawa ananunua maziwa kwa watu, na chai ikapauka. Wateja wakahamia kwa Jenipha, ng'ambo ya barabara. Asipopata ng'ombe mwingine, anafunga.

Nikampeleka mnadani Ringwani. Mimi ni dalali. Yeye alitaka mtamba mwenye mimba, mimi nilitaka changu. Wa maana alikuwa mmoja tu, wa mzee Machage, na kamba yake ilishashikwa na Malimi, kijana aliyetoka kuchimba dhahabu Nyangoto akaingia kwenye mifugo. Mnada ule, mwenye kamba ndiye mwenye mazungumzo. Wengine, hata muwe na gunia la hela, mnameza mate.

"Mzee, punguza."

"Sipunguzi, mura." Yaani kijana, kwa lugha ya kwao.

"Basi naondoka."

Machage akatazama mawingu. Malimi akaweka simu sikioni, akapaza sauti: "Huyo wa kwako unauzaje?" Simu yenyewe ilikuwa imezimika. Sasa aondoke vipi na kamba mkononi? Kumrudishia Machage hakutaka. Akamwona mama mtu mzima ana kikapu, hana hata fimbo.

"Shikamoo mama. Nishikie kidogo, nakuja."

"Oke," akasema Mokami, kwa upole kama anayepokea mtoto wa jirani.

Malimi akaenda hadi kwa wachoma nyama, akiibia macho kuona kama mzee ameanza kulainika. Mokami akapapasa kiwele, akafungua mdomo wa mtamba, akauliza bei. Machage akamtazama, akaitazama kamba, akamtajia ileile. Mokami hakubishana sana. Kikapu kikafunguliwa.

Malimi akarudi anatabasamu. "Mama, kamba yangu."

"Yako ipi?" Machage akamjibu. "Uliitoa kwa mkono wako, mura. Huyu ameshalipa."

Wachoma nyama wakacheka hadi wakasahau nyama. Malimi akajikaza kiume.

"Mama, nakuongezea juu. Faida hapahapa, bila jasho!"

"Okeee," Mokami akavuta, macho kwenye kiwele.

Malimi akaingiza mkono mfukoni. Mimi nikamkonyeza Mokami akubali haraka, maana ng'ombe akiuzwa mara mbili, dalali anakula mara mbili.

Mokami akatutazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine.

"Oke."

Ile ya kuku. Tukabeba mizigo yetu, mimi na Malimi.